Kumsoma Mbwa Mgonjwa: Kutoka Eshnunna hadi Endebess

Endebess, magharibi mwa Kenya, imekaa kati ya mashamba ya mahindi ya shirika la serikali la ADC na msitu wa Mlima Elgon, na hapo mipaka ya wanyama haishikiki. Ng'ombe hulishwa ukingoni mwa msitu, mbwa wa boma huandamana na wachungaji, bweha hushuka usiku kutafuta mabaki, na barabara ya Suam huunganisha mji na mpaka wa Uganda. Mbwa akianza kupepesuka na kudondosha udenda mahali kama hapa, majirani huuliza papo hapo: ana kichaa, au amelishwa sumu? Jibu likikosewa, mtu anaweza kufa.

Swali hilo limeulizwa kwa maelfu ya miaka, na mapokeo mbalimbali ya dunia yamelijibu kwa njia tofauti. Nakusudia kuyalinganisha manne: sheria za kale za Mesopotamia, matabibu na wanazuoni wa vitabu, wafugaji wa Afrika Mashariki, na maabara ya kisasa. Nitayapima kwa msiba mmoja uliotokea Mkomazi, Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2000, kwa sababu humo uwezo na udhaifu wa kila mapokeo huonekana wazi. Ninachoshikilia ni hiki: kila mapokeo yaliundwa ili yajibu swali lake, na hakuna swali hata moja kati ya hayo linalotosha peke yake.

Msiba wa Mkomazi

Mkomazi imepakana na mbuga ya Tsavo Magharibi ya Kenya. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 2008 ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Tony Fitzjohn, aliyefanya kazi miaka mingi na George Adamson, mlezi wa simba, kule Kora nchini Kenya, alihamia huko mwaka 1989, mwaka uleule Adamson alipouawa. Katikati ya miaka ya 1990 ulianzishwa mradi wa kuzalisha mbwa mwitu ndani ya uzio, ili baadaye warudishwe porini. Mbwa mwitu ninayemzungumzia ni huyu wetu wa Afrika, mwenye masikio ya mviringo na mabaka meusi, meupe na ya hudhurungi, anayewinda na kulea watoto kwa ushirika wa kundi zima. Waliokomaa na wenye uwezo wa kuzaa wanakadiriwa kuwa takriban 1,400 tu barani kote. Kwa hiyo kila kundi lililo salama ndani ya uzio ni akiba.

Desemba 2000 ugonjwa uliingia katika akiba hiyo. Katika muda wa miezi miwili, mbwa 49 kati ya 52 walikufa.

Walikuwa wamechanjwa. Chanjo iliyotumika ilikuwa ya virusi vilivyouawa, na uchaguzi huo ulikuwa na sababu. Katika miaka ya 1980, ripoti kutoka nchi nyingine zilionyesha kwamba chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, ambayo mbwa wa nyumbani huivumilia vizuri, iliweza kuwaletea mbwa mwitu ugonjwa uleule iliyokusudiwa kuuzuia. Madaktari walikuwa na njia mbili mbele yao: ngao dhaifu au ngao yenye sumu. Walichagua iliyo dhaifu, na virusi vikaipenya.

Utambuzi ulikuwa kamili. Tishu za wanyama waliokufa zilichunguzwa kwa hadubini, virusi vikaoteshwa ndani ya seli, kipimo cha PCR kikafanyika, kisha jeni zake zikasomwa. Mwaka 2002 timu iliyowajumuisha wataalamu wa virusi wa Uholanzi, akiwemo Albert Osterhaus, pamoja na Fitzjohn mwenyewe, ilichapisha jibu: ilikuwa distempa ya mbwa. Virusi vyake ni vya familia moja na vya surua ya watoto na vya sotoka ya ng'ombe.

Sasa tuvuke hadi Serengeti, miaka kumi kabla ya hapo. Mwaka 1989 kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika kundi la mbwa mwitu wa Masai Mara, na mwaka 1990 katika mbwa mwitu wa Serengeti. Kufikia mwaka 1991, makundi yote yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalikuwa yametoweka. Mizoga ya kutosha kupimwa haikupatikana. Mwaka 1992 mtafiti Roger Burrows alitoa hoja kwamba huenda kushikwashikwa, kuvishwa kola na kuchanjwa kulikuwa kumewadhoofisha wanyama hao hadi maradhi yakawashinda. Wengine waliipinga hoja hiyo vikali. Majibizano yaliendelea miaka mingi katika majarida ya sayansi, na hakuna upande ulioweza kuyafunga, kwa kuwa shahidi wa pekee aliyeweza kusema alikuwa ameliwa na fisi au ameozea vichakani.

Hapa ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Wanyama walio huru walikufa bila kuacha ushahidi. Waliofungiwa waliacha ushahidi wote, ila walipokwisha kufa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini daktari anayekingoja kifo ndipo ajue ugonjwa huwa amebakiwa na mbwa watatu kati ya hamsini na wawili.

Sheria: je, mwenye mbwa aliambiwa?

Mapokeo ya kwanza ninayoyaleta mezani hayakujali ugonjwa ni upi. Katika mji wa Eshnunna, Iraki ya leo, karibu miaka 3,800 iliyopita, waliandika sheria juu ya mbwa mwenye kichaa. Ikiwa mbwa ana wazimu, wakubwa wa mtaa wakamjulisha mwenye mbwa, naye asimfungie, kisha mbwa akamng'ata mtu na mtu huyo akafa, mwenye mbwa alilipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo yalishuka hadi shekeli 15.

Ubaguzi wa malipo hayo unatuumiza leo, na ni haki utuumize. Hata hivyo, mantiki ya sheria yenyewe ina jambo la kujifunza. Hukumu haikusimama juu ya dalili wala juu ya dawa. Ilisimama juu ya taarifa: je, habari ilitolewa, na je, aliyepewa alichukua hatua? Watu wa Eshnunna hawakuwa na habari ya virusi, lakini walijua kwamba ugonjwa wa mbwa ni jambo la mtaa mzima, na kwamba aliyeonywa akanyamaza ana hatia.

Vitabu: je, anaonyesha dalili gani?

Mapokeo ya pili ni ya waliokusanya dalili. Talmudi ya Mayahudi, katika sehemu iitwayo Yoma, inataja alama tano za mbwa mwenye kichaa: kinywa wazi, mate yanayodondoka, masikio yaliyolegea, mkia uliobanwa mapajani, na kutembea kandokando ya njia. Baadhi ya marabi waliongeza kwamba hubweka bila sauti yake kusikika. Tabibu Ibn Sina, aliyekamilisha kitabu chake cha tiba, Qanun, mwaka 1025, anatoa picha inayokaribiana sana na hiyo: ulimi uliotoka nje, masikio na kichwa vilivyoinama, mwendo wa kuyumba kama mlevi, sauti iliyokwaruza. Tena anaongeza mambo mawili ambayo ni mtu aliyeishi karibu na mbwa tu angeyaona: mbwa huyo hamtambui bwana wake, na mbwa wenzake humkimbia.

Ukiziweka orodha hizi mbili kando ya kitabu cha tiba ya mifugo cha leo, utashangaa jinsi zinavyolingana. Mate hudondoka kwa sababu misuli ya koo imepooza na mnyama hawezi kumeza. Sauti hubadilika kwa sababu hiyohiyo. Wazee wale hawakujua sababu, lakini macho yao hayakuwadanganya.

Linganisha na Aristotle. Mwanafalsafa huyu mkubwa aliandika kwamba kichaa cha mbwa humpata kila mnyama aliyeng'atwa isipokuwa binadamu. Kosa hilo liliendelea kunakiliwa katika vitabu kwa karne nyingi. Kwa hiyo kuandikwa si dhamana ya ukweli. Kinachotenganisha orodha inayofaa na inayopotosha ni ukaribu wa mwandishi na mnyama mwenyewe.

Katika mapokeo haya kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tungelicheka haraka. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao wa Kiarabu, waliagiza jozi zipondwe, zibandikwe kwenye jeraha la aliyeng'atwa, kisha kuku apewe azile. Kuku akizikataa, au akizila akafa, mbwa alikuwa na kichaa. Kipimo hiki hakifanyi kazi. Lakini itazame hatua yake: chukua kitu kutoka kwenye jeraha, kiingize kwa kiumbe kingine, kisha usubiri. Katika karne ya 20 maabara zilifanya vivyo hivyo kwa panya wadogo. Ubongo wa mbwa aliyeshukiwa ulisagwa, wakadungwa panya, na mtaalamu akasubiri kwa wiki kadhaa aone kama watakufa. Wazo ni lilelile. Tofauti ni kwamba maabara ilikipima kipimo chenyewe: iliwadunga pia panya wengine ubongo wa mbwa mzima, ikajua ni mara ngapi jibu huwa la uongo. Tofauti ya mapokeo haya mawili imo katika nidhamu hiyo ya kujikagua, wala si katika akili.

Orodha za dalili, hata zikiwa sahihi, zina ukomo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Mbwa mwenye distempa hutokwa na usaha machoni na puani, huhara, hukohoa, kisha ugonjwa ukifika kwenye ubongo hutafunatafuna hewa, misuli hurukaruka, miguu ya nyuma hulegea na kifafa humwangusha. Mbwa aliyekula sumu ya wadudu, ile inayotegwa kwenye mizoga ili kuua fisi na simba, naye hutoa povu, hutetemeka na kuanguka. Mwenye kichaa cha mbwa huweza kufanya yote hayo. Mtu akimsoma mbwa mwitu ndani ya uzio kwa alama tano za Yoma pekee, atayachanganya maradhi matatu yanayohitaji hatua tatu tofauti: kuwachanja haraka wahudumu walioguswa na mate, kuwatenga wagonjwa na wazima, au kumsaka aliyetega sumu.

Wafugaji: ndani ya mwili kuna nini?

Mapokeo ya tatu ni ya kwetu. Wafugaji wa Afrika Mashariki hawakuishia kwenye ngozi. Ng'ombe akifa, waliufungua mzoga na kuusoma. Wamasai waliitambua sotoka kwa nyongo iliyovimba, na utambuzi huo waliujenga katika tauni kubwa ya miaka ya 1890 iliyofagia mifugo, nyati na watu kwa njaa kuanzia Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara.

Elimu hiyo haikufa maabara ilipokuja. Daktari wa mifugo Walter Plowright alitengeneza chanjo yake mashuhuri ya sotoka Muguga, karibu na Nairobi, lakini chanjo pekee haikuumaliza ugonjwa. Katika miaka ya mwisho ya kampeni ya kuutokomeza, madaktari wa mifugo walikwenda kwa wafugaji wa Kenya, Somalia na Sudan ya Kusini, wakaketi nao na kuwasikiliza wakieleza walichokiona, lini na katika mifugo ya umri gani. Maelezo hayo yaliwaonyesha wapi pa kuchukua damu. Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Ndiyo maradhi ya pekee ya mnyama yaliyowahi kufutwa duniani, na yalifutwa kwa jicho la mchungaji na sindano ya daktari vikifanya kazi pamoja.

Jamaa yake distempa hakupata bahati hiyo, na nadhani sababu moja imo ndani ya mapokeo yenyewe. Mfugaji humfahamu ng'ombe nje na ndani. Mbwa humfahamu nje tu. Hamchinji, hamli, na akifa humtupa mbali na boma. Elimu ya mzoga iliyojengwa juu ya ng'ombe kwa vizazi haikumfikia mlinzi wa ng'ombe hao, seuze mbwa mwitu, aliyeonekana kuwa adui wa mbuzi. Pengo hilo ni kubwa, maana distempa hukaa na kuzunguka katika mbwa wa nyumbani. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wanyama kama 1,000, na mwaka 2017 iliwaangamiza mbwa mwitu wa Laikipia.

Maabara: mkosaji ni nani?

Mapokeo ya nne hutaka jina. Mwaka 1903 Mwitaliano Adelchi Negri aliona vidoa vya ajabu ndani ya seli za ubongo wa wanyama wenye kichaa. Miaka miwili baadaye Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba chanzo cha distempa hupenya kwenye chujio linalozuia bakteria. Negri mwenyewe aliamini kwamba vidoa vile ni kijidudu cha aina nyingine kabisa. Aliiona alama sawasawa akakosea maana yake, jambo ambalo wazee wa orodha za dalili wangelielewa. Hata hivyo alama yake ilitumika kutambua ugonjwa kwa miongo mingi.

Hivi leo kazi hiyo hufanywa namna hii. Mrija huingizwa kwenye tundu kubwa nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoungana na ubongo, ukazungushwa na kusukumwa kuelekea jichoni. Hutoka na kipande cha shina la ubongo bila fuvu kupasuliwa kwa shoka wala ubongo kurukia uso wa mtu. Kipande hutiwa ndani ya gliserini, ambayo hukihifadhi hata pasipo na barafu. Maabarani hupakwa kwenye kioo na kutiwa kingamwili zinazokishika kirusi. Kwa njia ya zamani, virusi hung'aa kijani chini ya hadubini ya gharama kubwa. Kwa njia mpya, iliyojaribiwa kwa sampuli za Tanzania na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006, hujitokeza kama punje nyekundu kwenye usuli wa buluu, na hadubini ya kawaida inatosha kuziona.

Usahihi huu una bei yake. Kwanza, kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa ubongo, yaani kwa mnyama aliyekwisha kufa. Pili, kwa mbwa mwitu waliochanjwa, damu huweza kumpotosha mpimaji: kingamwili zikionekana, je, zimeletwa na chanjo au na ugonjwa? Inabidi damu ichukuliwe mara mbili kwa kuachana wiki kadhaa, tena kwa mnyama ambaye kila akishikwa hupigwa dawa ya usingizi. Tatu, maabara haijui lolote mpaka mtu ailetee kitu.

Maabara yenyewe bado hutegemea jicho. Mbwa wa nyumbani aliyemng'ata mtu hufungiwa na kutazamwa kwa siku kumi. Akibaki mzima, hakuwa akitoa virusi vya kichaa alipong'ata. Kanuni hii ya tiba ya kisasa haihitaji kifaa chochote zaidi ya kamba na mtu wa kutazama. Kwa mbwa mwitu au bweha haitumiki, kwa kuwa muda huo haujathibitishwa kwao, na hapo ndipo sampuli inapokuwa haina mbadala.

Kurudi mlimani

Watu wa Endebess na Bungoma wanalo fundisho la nyumbani juu ya gharama ya kuchelewa. Ndani ya Mbuga ya Mlima Elgon liko pango la Kitum, ambamo tembo huingia kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, baada ya kulitembelea pango hilo, alifia Nairobi kwa homa ya kutoka damu. Daktari Shem Musoke, aliyemhudumia, aliambukizwa akanusurika. Maabara ikataja jina: Marburg. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki aliyeingia pango hilohilo naye akafa. Watafiti walilipekua wasipate kitu. Ilikuwa hadi mwaka 2010 ndipo yalipochapishwa matokeo ya virusi hivyo kupatikana katika popo mla matunda wa Kitum. Jina la ugonjwa lilijulikana mapema. Chanzo chake kilichukua miaka 30.

Kwa hiyo tunapolinganisha mapokeo haya, haifai kuuliza yapi yameshinda. Mtazamaji wa dalili huwahi, lakini hukosea. Maabara hupatia, lakini huchelewa. Mfugaji anajua pa kutazama, ila mbwa hayumo katika elimu yake. Na sheria ya Eshnunna, iliyokuwa na ujuzi mdogo kuliko zote juu ya ugonjwa wenyewe, ndiyo iliyoshika kiungo kinachoyaunganisha mengine: kutoa taarifa. Kenya ina sheria ya aina hiyo, Sura ya 365, iliyotungwa mahususi kwa kichaa cha mbwa. Kinachokosekana vijijini ni njia fupi kati ya anayeona na anayepima.

Njia hiyo inaweza kujengwa. Wachungaji, askari wa mbuga na watoto wa shule wafundishwe kutofautisha usaha wa macho wa distempa na koo lililopooza la kichaa, na waambiwe wasiuguse mzoga kwa mikono mitupu wala wasiuzike kabla afisa hajafika. Afisa wa mifugo wa wadi apewe glovu, mrija, chupa ya gliserini na mafuta ya pikipiki. Sampuli ipelekwe maabara ya Eldoret au Kabete, na jibu lirudi kwa aliyeitoa taarifa, kwa jina lake, ili siku nyingine atoe tena. Mbwa wa boma wachanjwe, kwa kuwa ngao ya mbwa mwitu huanzia kwao.

Mkomazi ilizalisha mbwa wengine baadaye, na vizazi vyao vikaachiwa porini. Tunaweza kuwalinda ili yale ya mwaka 2000 yasirudi, mradi tuwe tayari kumheshimu mchungaji anayesema "mbwa huyu si mzima" kwa kiwango kilekile tunachomheshimu mtaalamu anayetaja jina la kirusi. Bajeti ya kaunti inayolipia hadubini bila kumlipia mtu wa kupeleka sampuli imenunua nusu ya utambuzi, na nusu hiyo haiokoi mbwa wala mtu.